Kuvua omena usiku kwenye boti iliyojaa: mwongozo kwa anayeingia mara ya kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayeingia kwenye boti ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mara ya kwanza: kijana anayetafuta kazi ufuoni, mchuuzi anayetaka kuona bidhaa yake inatoka wapi, au mgeni aliyealikwa na rafiki. Boti nyingi za omena upande wetu wa Ziwa Victoria, kuanzia Dunga na Usoma hapa Kisumu hadi Mbita, Sindo, Usenge na Port Victoria, ni za mbao na si kubwa. Ndani yake kuna watu wanne au watano, injini, mtungi wa petroli, taa na vyelezo vyake, wavu mzima, kamba, mawe ya nanga na makarai. Ukiongezeka wewe, nafasi inakwisha. Kwa hivyo jambo la kwanza la kujifunza ni namna ya kukaa ndani ya boti iliyojaa bila kumzuia mwenzako kufanya kazi yake. Nguvu za kuvuta utazipata baadaye.

Hatua ya 1: Chagua usiku kwa kuangalia mwezi

Mchana omena waliokomaa hushuka chini karibu na sakafu ya ziwa. Jua likizama hupanda juu kufuata vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Taa ikielea juu ya maji meusi, vijidudu hukusanyika kwenye mwanga na omena huvifuata. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, samaki wanatawanyika, na taa yako haina wa kumwita. Ndiyo maana wavuvi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, wakashona nyavu na kuziba nyufa za boti.

Basi usichague siku kwa sababu ni wikendi. Uliza mwezi una siku ngapi. Hapa karibu na ikweta jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na mwezi huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hivyo hesabu unaweza kuifanya kichwani. Mwezi wa siku tano huzama kama saa nne unusu usiku. Kabla ya hapo taa hazivuti sana. Baada ya hapo una giza hadi alfajiri. Mwezi ukishapita mpevu mambo yanageuka: siku ya tatu unachomoza karibu saa tatu usiku, na siku ya saba karibu saa sita. Hapo unavua mapema, kisha unarudi au unalala. Usiku mzuri kabisa ni ule ambao mwezi haupo kabisa, na siku chache kila upande wake. Nahodha akikuambia "njoo wiki ya giza", hiyo ndiyo anayoisema.

Kuna pia msimu wa kufungwa. Kila mwaka uvuvi wa omena upande wa Kenya husimamishwa kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wazaane. Miezi hiyo usikubali mwaliko wa boti yoyote, hata ukiambiwa ni karibu tu na hakuna atakayeona. Unajiweka kwenye hatari ya kukamatwa, na omena unaowavua ndio waliokuwa wazae wale wa Agosti.

Hatua ya 2: Ufuoni, kabla ya kukanyaga boti

Fika saa kumi jioni, mapema kuliko wafanyakazi wenyewe. Jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo ambacho kwa kanuni za 2007 kila ufuo wa wavuvi unapaswa kuwa nacho. Wao wanajua boti ipi imesajiliwa, nani mwenye leseni, na nahodha yupi ana tabia ya kutoka akiwa amelewa. Waachie jina lako, namba ya boti iliyoandikwa ubavuni, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Boti isiyo na namba, iache iende zake.

Ukiwa mwanamke, uliza waziwazi kama boti hiyo inakupokea. Kwenye fuo nyingi za Nyanza mila ilimzuia mwanamke kuingia kwenye boti ya uvuvi, na wazee wengine bado wanaishika. Lakini wapo wanawake wanaovua siku hizi, tena wanavua vizuri, na nahodha anayewaheshimu hatakuzungusha kwa maneno.

Kisha hesabu jaketi za kuokolea maisha. Zihesabu kwa macho yako mwenyewe, moja moja, na uvae yako ukiwa bado nchi kavu ili ujue kamba zake zinafungwaje. Sema kwa adabu tu: "Mzee, naomba nione jaketi yangu." Ukijibiwa kwamba ziwa limetulia na jaketi hazina haja, mshukuru, rudi nyumbani ukalale. Katika mwongozo huu hakuna hatua ninayoisisitiza kuliko hii. Watu wengi mno wamezama kwenye ziwa hili wakiwa karibu na nyumbani, wakijua kuogelea, kwa sababu jaketi ilikuwa imeachwa bandani isilowe.

Angalia wavu pia. Wavu wa matundu madogo sana, yale ya milimita 5, huzoa vifaranga pamoja na wakubwa, na wavu wa chandarua cha mbu ni mbaya zaidi. Boti inayotumia hivyo haistahili jasho lako.

Mwisho, tazama mbingu upande wa mashariki. Jioni mawingu ya mvua huzaliwa juu ya milima ya Nandi na Kericho, kisha husukumwa kuja ziwani. Ukiona weusi umesimama upande huo na radi inacheza chini, subirini hadi ipite. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa kila siku, na fuo nyingi huupata kwa redio au kwa simu. Uulize umesemaje kuhusu upepo na mawimbi ya usiku huo.

Hatua ya 3: Unachobeba

Kidogo. Sweta, koti la mvua, kofia, leso ya kufunika pua na mdomo, maji ya kunywa, chakula cha kula kwa mkono mmoja (chapati, ndizi, ugali uliofungwa), na simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara. Vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaotosha kukaa katikati ya miguu yako. Gambuti acha nyumbani, maana ukianguka majini zinajaa na kukuvuta chini. Vaa ndala au kaa miguu mitupu. Kucha ndefu, pete, saa na bangili vitoe, kwa sababu uzi wa wavu wa omena ni mwembamba na hushika kila kitu.

Leso ni ya sami, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi. Wakija kwenye taa zenu utawavuta puani usipojifunika. Hawaumi, ila mtu anayekohoa na kupepesa mikono ndani ya boti iliyojaa ni taabu kwa wote.

Haja zako zimalize ufuoni. Usiku ni mrefu na faragha hakuna.

Hatua ya 4: Kukaa

Nahodha hukaa nyuma kwenye injini. Wavuta wavu hukaa katikati, wawili wawili, upande mmoja wa boti wanakomwagia wavu. Wavu wenyewe hulala umekunjwa kwa mpangilio: kamba ya juu yenye maboya huku, kamba ya chini yenye risasi, yale madini mazito ya kuizamisha, kule. Mpangilio huo usiuguse, usiukalie, usiweke mfuko wako juu yake. Ukivurugwa kidogo, wakati wa kumwaga wavu utatoka umejisokota na nusu saa itaishia kwenye kuufungua gizani.

Nafasi ya mgeni mara nyingi ni mbele, au kwenye ubao wa pili kutoka mbele. Kaa chini, magoti pamoja, mikono ndani ya boti. Usisimame bila kusema, na usihamie upande wa pili bila nahodha kuitikia, kwa sababu boti inasimama kwa mizani ya watu wake. Ukitaka kusogea, sema "nasogea kulia", ngoja mwenzako asogee kushoto, ndipo uende ukiwa umeinama. Mara nyingi mgeni hupewa kazi ya kutoa maji kwa kopo. Ipokee kwa furaha. Boti ya mbao huvuja kidogo daima, na wavu uliolowa huingiza maji zaidi.

Jambo moja la moto. Mahali ambapo bado wanatumia karabai, taa hiyo ya mafuta ya kupampu, mtungi wa petroli na karabai havikai pamoja, na petroli haijazwi kwenye injini huku kuna taa inayowaka ndani ya boti. Taa iwashwe ikiwa upande wa mbele na ishushwe majini mara moja. Ukiona mtu anakiuka hili, mwambie, hata kama wewe ni mgeni.

Hatua ya 5: Kutega taa

Mkifika penye kina ambacho nahodha anakipenda, injini huzimwa na makasia huchukua nafasi yake. Taa hushushwa moja baada ya nyingine, kila moja juu ya chelezo cha mbao chenye kamba na jiwe la nanga. Huachwa mbalimbali kwenye mstari, kwa umbali wa kutosha ili kila taa ikusanye samaki wake bila kumnyang'anya jirani. Mstari huo hufuata upepo, ili baadaye boti iteleze kutoka taa moja hadi nyingine bila kupigana na wimbi.

Karabai zina mwanga mkali lakini zina madai yake. Kile kitambaa kinachong'aa ndani ya kioo, kikishaungua mara ya kwanza, huwa jivu linaloshikana tu. Chelezo kikipigwa na wimbi moja baya kitambaa hicho kinavunjika, kwa hivyo vitambaa vya akiba lazima viwepo. Mafuta ya taa nayo yamepanda tangu ushuru wa 2018, na boti nyingi zimehamia taa za betri zinazochajiwa kwa sola au kwa umeme ufuoni. Hizo hazina moto wala moshi, na hazizimwi na manyunyu. Kasoro yake ni kwamba betri iliyochakaa hufifia saa nane usiku, wakati ule ambao samaki ndio wamekusanyika. Mkabidhi nahodha taa iliyochajiwa kamili, au mwambie ukweli kwamba haijajaa. Aiweke mwisho wa mstari.

Tochi yako ya kichwani izime. Mwanga wa pembeni unaopita juu ya maji huwatawanya omena au kuwavuta kwenye boti, nanyi mnawataka kwenye taa. Ukihitaji kuona, elekeza tochi sakafuni na uifunike kwa vidole.

Hatua ya 6: Kusubiri

Saa moja, mara nyingine mbili. Ongea kwa sauti ya chini, usigongegonge mbao, usidondoshe kopo. Sauti ya kugonga boti husafiri majini na samaki huisikia.

Tumbo likianza kukuchafuka, na kwenye mawimbi mafupi ya ziwa linaweza, usitazame taa iliyo karibu. Tazama mbali, kwenye taa za nchi kavu, vuta pumzi polepole, kula kipande kidogo cha chapati kavu. Ukilazimika kutapika, tapika upande ambao upepo unaenda, na useme mapema ili wakupishe.

Tumia muda huu kujifunza kusoma taa. Mwanzoni utaona vijidudu tu, vumbi linalozunguka kwenye mwanga. Kisha cheche za fedha huanza kupita chini, moja moja. Baadaye cheche zinakuwa duara linalozunguka taa, na maji yenyewe yanaonekana yakichemka kimya kimya. Nahodha mzoefu hakimbilii cheche za kwanza. Anangoja duara lipande juu na lishikane, maana duara lililo chini bado litapenya chini ya risasi.

Hatua ya 7: Kumwaga na kuvuta

Boti hukaribia taa kwa kasia moja, polepole. Ncha moja ya wavu huachwa majini, boti inazunguka taa huku mtu akimwaga wavu mkono kwa mkono, hadi ncha mbili zikutane na taa ibaki katikati. Wewe mgeni kazi yako wakati huu ni kukaa chini na kuangalia miguu yako. Kamba inayotoka kwa kasi ikikuzunguka kifundoni itakutoa ndani ya boti. Hakikisha pia unajua kisu cha kukatia kamba kiko wapi.

Kuvuta ndipo wanakuita. Kaa ukitazama maji, magoti yakiegemea ubavu wa boti. Vuta kwa mgongo mzima, viwiko vikiwa karibu na mbavu, kwa sababu mwenzako yuko shibiri moja kutoka kwako na kiwiko kilichopanuka kitampata usoni. Usifunge kamba mkononi hata mara moja. Ishike kwa kiganja ili uweze kuiachia. Fuata mwendo wa anayeongoza. Anapovuta, vuta. Anapopumzika, bana wavu kwa kifua kwenye ubao usirudi.

Siri iko kwenye kamba ya chini. Risasi ziingie mapema kidogo kuliko maboya, ili wavu uwe kikapu chini ya samaki. Ukiwa na haraka ukavuta kamba ya juu kuliko mwenzako wa chini, unafungua mlango na duara lote linazama mbele ya macho yenu. Wavu unapokaribia, mmoja huisogeza taa taratibu kuelekea boti na omena huifuata hadi ndani ya mfuko. Hapo sauti inabadilika: utasikia mchakato mwepesi wa maelfu ya samaki wakipiga maji pamoja.

Mfuko ukijaa usiinuliwe wote mara moja upande mmoja. Boti iliyojaa hulala ubavu kwa uzito huo. Wawili wabaki wameukaza ukutani mwa boti, mmoja achote kwa karai, na wengine waegemee upande wa pili. Samaki wamwagwe katikati, wasambazwe. Ukiona maji yamebaki shibiri moja kufika ukingoni, omena wametosha hata kama taa mbili hazijavuliwa. Mwambie nahodha. Katika shangwe za mavuno huenda asiwe ameona.

Hatua ya 8: Upepo ukigeuka

Usiku hewa baridi ya nchi kavu hutelemka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, na ndiyo maana dhoruba kubwa za katikati ya ziwa hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Dalili ni upepo wa baridi wa ghafla kutoka upande usiotarajiwa, nyota zinazofutika upande mmoja wa anga, na wimbi linalofika kabla ya upepo wake.

Wavu ukiwa majini na hauingii haraka, unakatwa. Wavu ni mali, na wenye boti wengine watalaumu, lakini unanunulika. Wote wakae sakafuni, si kwenye mbao. Boti ielekezwe kwenye wimbi kwa pembe, polepole, isikimbizwe huku mawimbi yakiipiga ubavuni. Mtu mmoja atoe maji bila kusimama. Ikipinduka, shikilia boti. Boti ya mbao huendelea kuelea hata ikiwa kichwa chini, na inaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Usiogelee kufuata taa za ufuo. Taa hizo usiku huonekana karibu kuliko zilivyo.

Hatua ya 9: Alfajiri

Kabla ya kufika, uliza gugu maji limelala wapi. Upepo wa usiku unaweza kuwa umefunga ufuo mliotokea, hasa ghuba ya Kisumu, na kulipasua kwa injini ni kuharibu rafadha.

Akina mama wachuuzi watakuwa wanangoja na makarai yao. Bei hupatana pale pale, kwa karai. Msalimie mama kwa heshima na umpimie karai lililojaa. Na hili nalisema kwa uzito: samaki auzwe kwa pesa tu. Jaboya, ile desturi ya kumdai mama mwili wake ndipo auziwe samaki, imeeneza maradhi na kuvunja nyumba nyingi katika fuo zetu. Ukiisikia ikitajwa kwa mzaha, usicheke.

Omena hawangoji. Wasuuzwe kwa maji safi, wasambazwe kwenye chanja au kwenye nyavu kuukuu zilizotandikwa, tabaka jembamba, wageuzwe jua likipanda. Kwenye chanja wanakauka bila mchanga, na mteja anayenunua kwa kopo la gorogoro hulijua hilo kwa ulimi. Jua kali la siku moja linatosha. Mvua ikija kabla hawajakauka, wengi wataishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, kwa hivyo turubai liwe karibu.

Mgawo hufanywa baada ya kutoa gharama za petroli na taa; kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye boti na wafanyakazi kwa desturi ya ufuo huo. Kama ulipanda kama mgeni, makubaliano yawe yalifanyika jana jioni, si sasa. Kitoweo cha nyumbani utapewa.

Usiondoke bado. Wavu usuuzwe, uanikwe kivulini, mashimo yatiwe alama kwa uzi wa rangi ili fundi ayaone. Maji yatolewe kwenye boti. Taa zipelekwe kuchajiwa kabla ya saa tatu asubuhi, maana wiki ya giza kila boti ufuoni inazitaka chaji hizo hizo, na anayechelewa hupanga foleni hadi jua linazama.